Tuta la Mungu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kinyonge, hamjala? Basi sikilizeni, maana hadithi yenyewe ni ya njaa.

Hapo zamani za kale, kaya saba zilikimbia vita, zikafika bonde la Mwirani. Wakajenga msikiti kwanza, nyumba baadaye, na mvua za vuli zote zikawanyea. Wakaweka nadhiri: katika kila shamba, tuta la kwanza ni la Mungu. Mtama wake ukawa unatiwa katika ghala nyuma ya msikiti, mlango unafungwa, na hakuna aliyeuonja. Walikuwa watu wema, jamani, ila uchaji wao ulizidi akili kidogo.

Miaka ikapita. Babu wakazikwa, wajukuu wakarithi majembe, ghala likajaa. Kisha mvua ikakatika misimu miwili.

Palikuwa na mjane, Bi Mwanasiti. Njaa ilimfanya ale hata mbegu zake. Mawingu ya masika yalipoanza kukusanyika, wenzake walinoa majembe. Yeye alifunga mzigo ahame, aliache shamba na kaburi la mumewe. Kuomba aliona haya. Maskini!

Shambani kwake aliishi kwale, ndege ambaye mjane hakuwahi kumvunjia mayai. Kwale akaruka mpaka nyumba ya kwanza.

"Hodi! Bi Mwanasiti anahama, hana mbegu!"

"Zetu hazitutoshi wenyewe."

"Na za ghalani?"

"La Mungu haliliwi!"

Akaenda nyumba ya pili. "Hodi! Bi Mwanasiti anahama, hana mbegu!"

"La Mungu haliliwi!"

Akaenda nyumba ya tatu, kwa imamu, Mwalimu Shekuwe. Huyu alikuwa mpole, alimtengea kwale maji kwanza, ndipo akasema, "La Mungu haliliwi, mwanangu."

"Haliliwi?" kwale akauliza. "Mbona nikipita ghalani nasikia watu wanatafuna?"

Lo! Mwizi! Shekuwe akachukua ufunguo, watu wakachukua fimbo. Mlango ulipofunguliwa, mtama uliogeuka vumbi ukawamwagikia miguuni. Fukusi mmoja mnene, mdudu mtoboa nafaka, akachungulia.

"Karibuni, karibuni! Babu zetu walikula humu, sisi tunakula humu, wajukuu zetu watakula humu. Mungu awazidishie!"

Shekuwe akakaa chini kwenye vumbi lile akalia, na wala hakuficha uso. "Tumewalisha fukusi," akasema, "tukawanyima waja wa Mungu."

Wakapepeta wote hadi alasiri. Katika ghala zima walipata pishi moja tu ya punje nzima. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Lakini mjane alikuwa ameshashika njia, basi Shekuwe akaibeba mwenyewe, akakimbia, kofia ikaanguka asiiokote. Akamkuta kwenye kivuko cha mto.

"Bi Mwanasiti, rudi! Mbegu hizi hapa."

"Za nani, Mwalimu?"

"Za Mungu."

Mjane akarudi nyuma kwa hofu. "Hapana, Mwalimu, nitapata laana! La Mungu haliliwi!"

"Mama," Shekuwe akasema huku akihema, "Mungu alikuletea wewe mbegu hizi tangu zamani. Sisi ndio tuliochelewa kufikisha."

Bi Mwanasiti akatua mzigo.

Nami hadithi yangu naimalizia hapo.