Filimbi ya Afande Fisi

Ukame wa mwaka ule haukuwa na huruma. Mito ilikauka, kikabaki kisima kimoja, nacho kililindwa na jeshi la Jenerali Simba. Jeshi lenyewe lilijua amri moja tu: "Mbele tazama!" Askari walisimama vifua nje, wakatazama mbele kwa fahari. Nyani, ambao si wajinga, walipita juu matawini, wakashuka nyuma yao na kunywa hadi matumbo yakawauma.

Maji yalikaribia kwisha. Sungura, ambaye watoto wake walishaanza kulamba matope, akamwendea Simba.

"Afande, waamuru askari watazame juu."

"Babu yangu hakutazama juu hata siku moja, na alikufa akiwa jenerali!"

"Alikufaje, afande?"

"Aliangukiwa na tawi."

Sungura akabadili njia. "Basi nikutengenezee ngoma ya tahadhari."

"Kitu kipya lazima kipite kwa Mkuu wa Majaribio."

Mkuu huyo alikuwa Fisi. Jamani, Fisi! Sungura akaleta ngoma ya ngozi ya ng'ombe. Kesho yake Fisi akapiga saluti huku akicheua. "Imejaribiwa, afande. Haina mlio." Na kweli haikuwa nao, maana ngozi ilikuwa tumboni mwake. Sungura akaleta kamba za ngozi za kutega matawini. "Zimejaribiwa, afande. Fupi mno."

Sungura akaushtukia mchezo. Akachonga filimbi ya mfupa, akaipaka mafuta ya nyama, akampelekea. "Tafadhali mkuu, ijaribu taratibu." Fisi akaimeza nzima, ikamkwama kooni.

Kwenye gwaride Simba akauliza, "Filimbi iko wapi?"

"Imepotea, afande... fyuuu!"

Askari wakaangua kicheko. Mara nyani wakatokea matawini. Fisi akashtuka, akapumua kwa nguvu: FYUUUUU! Jeshi zima likatazama juu kwa mara ya kwanza. Nyani walipoona wamekodolewa macho yote yale, waliporomoka kama mafenesi, wakatimua mbio.

"Nilisema tangu zamani tutazame juu," akasema Simba. Akamfunga Fisi pale kisimani awe king'ora cha jeshi, na watoto wa Sungura wakanywa wakashiba.

Jioni Fisi akalia, "Sungura ndugu yangu, fyuuu, buni namna ya kunitoa hiki kidude!"

"Hiyo itakuwa mbinu mpya, mkuu. Lazima ipite kwa Mkuu wa Majaribio."

"Si ndiye mimi? Fyuuu!"

"Basi," akasema Sungura akijifuta maji mdomoni, "ombi lako limekwama palepale yalipokwama yangu yote."