Kwa Nini Wapimaji wa Kivindo Hubeba Fimbo na Kamba

Hapo kale, milima ilipokuwa bado inatafuta pa kukaa, watu wa bonde la Kivindo walipima kila kitu kwa fimbo. Palipobaki kipande, fimbo iligawanywa nusu, au theluthi, au sehemu nyingine zozote zilizo sawa, na kipande kikapata jina. Waliamini jambo moja bila shaka: vipimo vya fimbo ukivijumlisha, ukivitoa, ukivizidisha au ukivigawanya, kinachozaliwa ni kipimo cha fimbo. Ukoo huo ulijitosheleza. Hakuna mtoto wake aliyezaliwa mgeni.

Mpimaji wa siku zile alikuwa Nakiete binti Senzia. Fimbo aliachiwa na baba yake pamoja na kiapo kwamba asitamke "sawa kwa sawa" juu ya kipimo chochote mpaka kiwe sawa kweli.

Mwaka mmoja mvua ilishusha mlima. Kamnde na jirani yake Mbazi wakapoteza mashamba yao, kila moja mraba wa fimbo kumi kila upande. Ukoo wa juu uliokuwa na ardhi uliwahurumia, na mzee wao Sekimweri akatoa neno.

"Tutawapa shamba moja, walime pamoja. Liwe mraba, kama desturi inavyotaka, na ukubwa wake ulingane na mashamba yote mawili waliyopoteza. Likizidi hata kiganja, tunang'oa mipaka."

Nakiete akaingia kazini. Upande wa fimbo kumi na tano ulizidisha ardhi. Wa fimbo kumi na nne ulipunguza. Akaongeza nusu, ikazidi. Akaongeza sehemu ndogo, kisha ndogo zaidi, na kila mara ardhi ilizidi au kupungua, japo kwa upana wa unyasi. Mbegu za maharage zilikuwa zinangoja, na mawingu yalikwisha kukaa juu ya bonde.

Mbazi akamsogelea. "Mwanangu, tamka tu sawa. Nani atakayeona?"

"Nitaona mimi, baba," akajibu Nakiete.

Lakini moyoni aliogopa. Alihisi fimbo ya marehemu baba yake inamwaibisha mbele za watu, na hakujua kosa ni la fimbo au la mkono wake.

Mchana mke wa Kamnde akamletea chakula. Kilikuwa maharage yaliyofungwa katika jani la mgomba lililokatwa mraba, pembe zake nne zikakunjwa hadi zikakutana katikati. Nakiete akala, akalipangusa jani, akalikunja tena kwa kucheza tu. Mkono ukasimama. Lililokunjwa nalo lilikuwa mraba, na kila mahali lilikuwa na tabaka mbili, si zaidi, si pungufu. Basi jani lililofunguliwa lilikuwa maradufu kamili. Akatazama upande wa jani lililofunguliwa: ulilingana na mstari unaokatiza jani lililokunjwa toka pembe hadi pembe.

Akaomba kamba ya mgomba. Akapima mraba wa fimbo kumi, sawa na shamba moja lililopotea, akainyoosha kamba toka pembe hadi pembe ya pili, akaikata. Kwa kamba ile akaweka mipaka ya shamba jipya, pande zote nne.

Sekimweri akashuka na watu wake. Walipoweka fimbo juu ya kamba, kamba ilikataa. Hawakupata fimbo wala sehemu ya fimbo iliyoimaliza bila kubakiza.

"Kitu kisicho na jina katika fimbo," mzee akasema, "kitazaaje shamba lenye jina?"

Nakiete akamkunjia jani mkononi. Mzee akalipapasa taratibu, pembe baada ya pembe, akalifungua, akalikunja tena.

"Sawa kwa sawa," akasema Nakiete.

"Sawa kwa sawa," Sekimweri akaitikia. Jioni hiyo maharage yakaingia ardhini.

Baadaye Nakiete na mzee walikaa kuichunguza kamba. Waliunga kamba na fimbo, jumla ikabaki ya ukoo wa kamba. Waliunga kamba mbili zinazolingana, nazo zikaikataa fimbo. Kisha kwenye urefu wa fimbo ishirini wakaondoa kamba moja. Kilichobaki kikaikataa fimbo vilevile, lakini walipokiunga na kamba ile ile, zikawa fimbo ishirini kamili.

"Hawa wa ukoo wa kamba hawana ahadi," mzee akasema. "Leo wanazaa wa kwao, kesho wanazaa wa kwetu."

"Ndiyo, babu. Lakini bila wao tungekufa njaa."

Na tangu siku hiyo mpimaji wa Kivindo hubeba vyote viwili. Fimbo ikikutana na fimbo, watu huendelea kulima, kwa maana ukoo wa jibu unajulikana. Kamba ikikutana na kamba, majembe huwekwa chini, na wote hungoja waone.