Mhanga na Kivuko Kilichofungwa

Paukwa!

Pakawa.

Hao ni watoto. Wakubwa nao wamemeza ndimi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale, katika bonde moja lenye mto katikati, aliishi Mhanga, yule mnyama wa kucha ndefu anayekula mchwa. Kazi yake ilikuwa kuchimba mashimo. Anachimba, kwaru kwaru kwaru, udongo unaruka, shimo linatokea. Mnyama akitaka nyumba, anampelekea Mhanga kikapu cha kumbikumbi, naye anapata shimo refu, kavu, lenye kona ya kulala. Mhanga aliyapenda mashimo yake. Akipita karibu na shimo alilolichimba zamani, husimama, akalitazama, akaguna kwa furaha.

Siku moja Nungunungu alivuka mto kutoka ng'ambo, chubwi, chubwi, chubwi. Naye alijua kuchimba. Yeye aliomba viazi viwili tu.

Wiki ya kwanza Mhanga alicheka. Wiki ya pili akanuna. Wiki ya tatu hakuna aliyebisha hodi kwake, akakosa usingizi. Akaenda barazani.

Baraza liliongozwa na ndugu wawili, nyati wazee. Mkubwa aliitwa Mzee Mbogo, mdogo aliitwa Mzee Pembe. Wote wawili walishika mila kweli kweli. Jambo lisilofanywa na babu yao, hawakulifanya.

"Wazee wangu," akasema Mhanga, "huyu mgeni ataniua kwa njaa."

Mzee Mbogo akatikisa kichwa. "Babu yetu alisema, mlinde wa kwenu kwanza. Kivuko kifungwe."

"Babu hakusema hivyo," akasema Mzee Pembe. "Alisema, kila mmoja aachwe auze anachoweza, na mnunuzi achague."

"Mimi nilikuwa karibu na mdomo wake alipokuwa anakata roho."

"Na mimi nilikuwa upande wa pili. Tena mdomo ulikuwa umejaa majani."

Wakabishana tangu asubuhi hadi jua la utosi. Wanyama wakasinzia. Mwisho Mzee Mbogo akashinda, kwa kuwa ndiye mkubwa. Kivuko kikafungwa kwa miiba. Nungunungu akakusanya viazi vyake, akatikisa miiba yake ya mgongoni, cheke cheke cheke, akarudi kwao bila kuaga.

Mhanga akafurahi. Akapumua. Akala, akalala.

Sasa alikuwa peke yake bonde zima. Akaomba vikapu viwili. Wakatoa. Akaomba vitatu. Wakanung'unika, wakatoa. Tena akaona, mbona nijichoshe? Akapunguza urefu wa mashimo kidogo. Akaacha kona ya kulala. Akapunguza tena. Kila alipolipua kazi alijiambia kuwa kucha zake zinahitaji kupumzika, na akayaamini maneno yake mwenyewe.

Ndipo akaja Bi Ngiri, mja mzito, tumbo likikaribia kugusa chini. Masika yalikuwa mlangoni. Akalipa vikapu vitatu. Siku ya pili akarudi, akamchukua Mhanga hadi shimoni.

"Baba, hebu njoo uone."

Akaingia kinyumenyume, kama ngiri wote wanavyoingia. Akarudi nyuma, akarudi nyuma, akagota. Kichwa na mabega vikabaki nje.

"Unaona?"

"Naona," akasema Mhanga. "Kichwa ni cha kuangalia wageni."

"Na watoto nitawaweka wapi? Masikioni?"

Mara nyasi zikacheza, shwaa. Simba.

Mhanga hakuwa na pa kukimbilia ila pale pale. Akajipenyeza ubavuni mwa Bi Ngiri, kichwa mbele, puu. Naye akagota. Makalio na mkia vikabaki nje. Wakawa hivyo, sura ya mmoja na makalio ya mwingine, mlango mmoja.

Simba akasimama. Akatazama sura. Akatazama makalio. Hakujua aanze na lipi.

"Chimba," akanong'ona Bi Ngiri.

Mhanga akachimba. Kwaru kwaru kwaru kwaru. Hajawahi kuchimba hivyo maishani mwake. Udongo ukaruka nyuma, pwaa, ukamjaa Simba machoni. Simba akapiga chafya, akafuta uso, na alipofungua macho hakuona sura wala makalio. Akangoja. Akachoka. Akaenda zake.

Sasa shimo lilikuwa refu, kavu, na lilikuwa na kona.

"Kumbe unajua kuchimba," akasema Bi Ngiri.

Masikio marefu ya Mhanga yalilala. Aibu ilimuuma kuliko ambavyo meno ya Simba yangemuuma.

Kesho yake akaenda barazani mwenyewe, akasema kivuko kifunguliwe. Bi Ngiri akaongeza neno: mchimbaji yeyote, wa huku au wa ng'ambo, aingie kwanza shimoni yeye mwenyewe, asibaki nje hata unywele, ndipo alipwe.

"Hayo ndiyo maneno ya babu," akasema Mzee Mbogo.

"Ndiyo hayo hayo," akasema Mzee Pembe.

Nungunungu akarudi. Wengine wakamfuata yeye, wengine wakabaki kwa Mhanga. Mhanga alikula kikapu kimoja badala ya vitatu, akalalamika kila jioni, na akachimba vizuri. Bi Ngiri alizaa watoto wanne, wote wakatosha ndani.

Fundisho nalisema wazi. Soko likifungwa ili kumlinda mmoja, wengine wote huumia, na huyo mmoja huharibika. Lifunguliwe, ila sheria iwe moja kwa kila muuzaji.

Hadithi yangu imefika hapa, na hapa naiacha ilale.