Jirani wa Chini

Mwanzo wa ngoma ni lele. Waliotuachia methali hii walikuwa wapenzi wa ngoma, na walijua kwamba shughuli itakayotikisa uwanja mzima huanza na sauti moja nyembamba ambayo mpita njia anaweza kuidharau. Maana yake ni kwamba jambo kubwa huwa na chanzo kidogo, na anayekipuuza chanzo asidai kwamba analijua jambo lenyewe. Maneno haya yalitimia kwa msichana mmoja, mtunza santuri wa kituo cha redio, katika Jumamosi sita ambazo nusura zimtoe kazini.

Kazini walimwita Kasuku. Jina hilo alipewa nyumbani na shangazi yake, kwa kuwa tangu utotoni alirudia kila kilichosemwa redioni, taarifa ya hali ya hewa ikiwamo. Shangazi ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki, katika chumba kilicho nyuma ya karakana yake ya ushonaji. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu ndiyo iliyokuwa ikimbembeleza usingizi. Kasuku alikua akiwa na ndoto moja tu, nayo ni kukaa mbele ya kipaza sauti. Kituo kilimwajiri, kikampa kitambaa cha kufutia vumbi na rafu zenye santuri elfu tisa. Alizifuta kwa miaka minne bila kunung'unika, ingawa moyoni alikuwa na lake.

Siku yake ilifika mtangazaji wa Jumamosi alasiri alipougua koo. Ulikuwa mwaka wa arobaini tangu kundi la Umeme Baridi litoe albamu yake ya kwanza. Umeme Baridi lilikuwa kundi la muziki wa wimbi jipya: vinanda vya umeme, gita kavu, na vijana waliovaa makoti yenye mabega mapana kuliko milango. Mkuu wa vipindi alitazama huku na huku, akakosa mtu, akamkabidhi Kasuku Jumamosi sita za kulieleza kundi hilo.

"Ukinitia aibu unarudi kwenye rafu," alimwambia, "na ukirudi usiniulize tena habari za kipaza sauti."

Kasuku alikubali kabla mkuu hajafunga kinywa. Kundi lilikuwa na albamu sita, naye akapanga kucheza moja kila Jumamosi, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuruka hata moja.

Ya kwanza iliitwa "Ghorofani". Vijana watatu waliirekodi wenyewe katika chumba cha kupanga, na ilisikika hivyo hivyo. Ngoma yake ilikuwa kavu na ya ajabu, na nyimbo zote nane zilikuwa na urefu uleule, dakika tatu na kitu. Nyuma ya jalada waliandikwa vijana hao na ala zao, kisha mstari wa mwisho ukasema: "Ngoma: Jirani wa chini." Mashabiki walikuwa wamebishana juu ya mstari huo kwa miaka arobaini. Wapo waliosema ni mpigaji mkubwa aliyeficha jina lake, na wapo walioapa kwamba ni jini.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa balaa. Ulimi wa Kasuku ulikuwa mzito, sauti ikamtetemeka, na alipotaja jina la albamu alilitaja mara mbili. Msikilizaji mmoja alituma ujumbe akiuliza kama kuna mtu anagonga mabati studioni. Mwingine alishauri dada huyo apelekwe kwa daktari yuleyule anayemtibu mtangazaji wa kawaida. Nyumbani, Shangazi alikisifu kipindi kwa dhati, lakini ukweli ni kwamba alisikiliza sauti ya Kasuku tu. Kila muziki ulipoanza aliendelea kukanyaga cherehani yake, na hakusikia hata wimbo mmoja.

Jumatatu mkuu alimwita ofisini. "Watu wanataka 'Mji Mzima'," alisema. Hiyo ilikuwa albamu ya nne, yenye makofi ambayo hata watoto wa siku hizi wanayajua. "Icheze wiki hii. Hizo nyingine waachie panya wa maktaba."

"Mkuu, naomba nifike huko kwa miguu," Kasuku alijibu. "Nikiwarusha watu, watafika bila kujua walikotoka."

Mkuu alimpa hadi Jumamosi ya nne. Simu zisipolia siku hiyo, yeye na rafu, rafu na yeye. Kasuku alitoka akijiuliza ukaidi ule ameutoa wapi, ingawa jibu lilikuwa nyumbani. Alilelewa na mtu asiyekata mkono wa shati kabla hajapima bega.

Albamu ya pili, "Swichi", ilionyesha kwamba vijana wamepata fedha kidogo, kwa maana walikuwa wamenunua mtambo wa kupiga ngoma wenyewe. Kasuku aliisikiliza mara nne kwa vipokea sauti vya masikioni. Mara ya nne alinasa kitu. Kila baada ya mapigo kadhaa palikuwa na mlio mdogo, tak, uliodondoka kando ya pigo. Mtambo haukosei wala hauchoki. Basi kuna mtu aliyeuagiza ufanye hivyo. Jumamosi aliwaambia wasikilizaji kwamba kuna kitu kinachechemea ndani ya muziki huu, na akawaomba wamsaidie kukitafuta. Walipiga simu wawili. Mmoja alitaka kujua mtangazaji wa kawaida atapona lini. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu aliyekiri kwamba aliusikia mlio huo tangu ujana wake, lakini siku zote alidhani santuri yake ina mkwaruzo.

Katika albamu ya tatu, "Kioo cha Pili", tak ilikuwa imehamia kwenye gita. Walipiga simu watu tisa. Sauti ya Kasuku ilikuwa imeacha kutetemeka, lakini swali lilimkosesha raha: mlio huo ulitoka wapi?

Jumatano iliyofuata mkanda wa cherehani ya Shangazi ulikatika. Ulikuwa mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu, na ulikuwa umeshakatika na kuungwa kwa waya mara nyingi. Fundi mwingine angenunua mpya, lakini Shangazi hakuwa mtu wa hivyo. Mkanda huo, alisema, una miaka mingi kuliko Kasuku na haujawahi kumjibu vibaya. Kwa siku mbili alitafuta waya wa unene anaoutaka, na karakana ikawa kimya kabisa. Ijumaa alasiri aliunganisha ncha mbili kwa waya, akaubana kwa koleo, akaketi, akakanyaga. Kasuku alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

Cherehani ilianza mwendo wake. Kila kiungo cha waya kilipopita juu ya gurudumu, kiligonga: tak.

Kasuku alisahau kumeza. Alikuwa ameusikia mlio huo kila siku ya maisha yake, na kwa sababu hiyo hakuwa ameusikia kamwe. Ilibidi unyamaze siku mbili ndipo masikio yake yaupokee upya.

Aliweka kikombe chini, akamuuliza Shangazi alikuwa akishona wapi kabla ya kuhamia hapa.

"Kwenye lile jengo la mbao lililobomolewa," Shangazi alijibu bila kuinua kichwa. "Mimi chini, na juu vijana wenye kelele. Nywele zimesimama kama brashi ya viatu."

Habari ikatoka kipande kwa kipande, kati ya uzi na uzi. Vijana wale hawakuwa na mpiga ngoma. Walikuwa wakipiga vinanda vyao kwa kufuata cherehani iliyosikika kupitia sakafu, na kila Shangazi aliposimama kubadilisha uzi nao walisimama, wakakanyaga mbao na kupiga kelele: "Jirani, usisimame!" Siku moja walishuka wakamwomba wateremshe kipaza sauti kwenye tundu la sakafu. Yeye alikuwa na mapazia manane ya hospitali ya kupinda, hana muda wa mazungumzo. Aliwaambia wateremshe watakacho mradi kisiguse kitambaa. Nyimbo nane ziliisha pamoja na mapazia manane. Wataalamu walikuwa wameandika kurasa na kurasa juu ya siri ya urefu ule wa nyimbo, na siri yenyewe ilikuwa upindo wa pazia moja.

Kasuku alimletea jalada. Shangazi alisoma mstari wa mwisho, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Kumbe walinikumbuka," alisema taratibu. "Jina langu hawakulijua. Hata mimi niliwaita wale wa juu."

Jumamosi ya nne Kasuku alicheza makofi ya "Mji Mzima", kisha gita la albamu ya tatu, kisha mtambo wa ya pili, kisha ngoma kavu ya ya kwanza. Mlio ulikuwa mmoja, mguu uleule uliovalishwa viatu vinne. Simu zililia hata fundi mitambo akashindwa kuzijibu. Hapo furaha ikampanda Kasuku kichwani, akaahidi hewani kwamba Jumamosi ya sita atamleta studioni Jirani wa chini.

Mkuu alimngoja nje ya studio. Alisema kuwa simu zimelia, sawa, lakini ahadi ile ikigeuka uongo hakutakuwa na rafu tena. Kutakuwa na mlango.

Na Shangazi akakataa. Hakukataa kwa hasira, alikataa kama anavyokataa kitambaa kibovu, kwa kukisukuma pembeni. "Watasema kizee kimedandia umaarufu wa watu," alisema. "Mimi nilikuwa napinda mapazia, mwanangu. Mtu hadai sifa kwa pazia." Kasuku alibembeleza mpaka akaishiwa maneno, jambo ambalo kwa Kasuku si dogo.

Kilichombadilisha Shangazi ni albamu ya tano, "Hariri". Jumamosi hiyo, kwa mara ya kwanza, alisimamisha cherehani na kusikiliza muziki wenyewe. Albamu ilikuwa laini, imepigwa pasi, haina kasoro hata moja, na haina tak. Ndiyo iliyoliangusha kundi. Kasuku aliporudi alimkuta Shangazi amekaa mikono mapajani, uso umekunjamana.

"Hawa walipotea," Shangazi alisema. "Wameshona vizuri, lakini hawakupinda. Nguo yote inafumuka." Kisha akauliza kama cherehani itapita kwenye mlango wa studio au haipiti.

Jumamosi ya sita mwimbaji wa Umeme Baridi alikuja kwa mwaliko wa kituo, mzee mwembamba mwenye mvi, na alikuja na wasiwasi wake. Alimwambia mkuu wazi kwamba watu saba wamewahi kujitokeza kudai kuwa ndio Jirani wa chini, na mmoja wao alikuwa na ndevu. Mkuu alimkazia Kasuku macho. Kasuku alicheza albamu ya mwisho, "Kurudi", ambamo tak inarejea kwa chini sana, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Kisha akapunguza sauti na kumpa Shangazi ishara.

Shangazi hakuhutubia. Alikuwa amekuja na pazia la mteja, akaliweka chini ya sindano, akakanyaga.

Ilipogonga mara ya kwanza, mzee aliweka glasi yake mezani. Ilipogonga mara ya pili alisimama. Shangazi aliufikia mwisho wa mstari, akapunguza mwendo ili ageuze kitambaa, na ndipo mzee akasema, kwa sauti iliyokatika katikati:

"Jirani, usisimame."

Hakuna aliyekuwa ameyataja maneno hayo hewani. Kasuku mwenyewe alikuwa ameyafungia moyoni.

"Uzi umebaki kidogo," Shangazi alijibu, macho kwenye kazi yake. "Imba upesi."

Akaimba. Sauti ilikuwa imezeeka na pumzi ilikuwa fupi, lakini wimbo ulitosha pazia lote, haukupungua wala kuzidi. Ulipoisha, mzee alieleza kwamba walirudi kumtafuta baada ya umaarufu, wakakuta jengo limebomolewa, na hawakuwa na jina la kuulizia. Kila alipoulizwa juu ya Jirani wa chini alicheka na kusema ni siri, kumbe alikuwa akiificha aibu yake. Shangazi alilitaja jina lake lote, hadi la babu yake, polepole kama anayemsomea karani. Mzee akaliandika kwa kalamu kwenye jalada la "Ghorofani", ubavuni mwa ule mstari wa mwisho. Kasuku, mbele ya kipaza sauti, aliwaambia wasikilizaji kwamba aliyesikika ndiye aliyemlea. Alijivuna, na hakuona sababu ya kuficha.

Jioni ile mkuu alimuuliza Jumamosi ijayo watasikiliza kundi gani, na kabla hajajibiwa akaongeza kwamba anajua, wataanza na albamu ya kwanza. Kasuku alikwenda maktaba kwa mara ya mwisho kama mfuta vumbi. Mkononi alikuwa na kanda ya kipindi chake cha Jumamosi ya kwanza, ile yenye sauti ya kutetemeka. Alikuwa amedhamiria kuifuta, lakini sasa aliiandikia tarehe, akaiweka kwenye rafu pamoja na "Ghorofani", mahali ambapo yeyote atakayefuata ataiona kabla ya nyingine zote. Mwanzo wa ngoma ni lele.