Pimbi, Mzee Kobe na Zimwi Mwenye Adabu

Hapo zamani za kale, na sogeeni karibu maana hadithi hii haisimuliwi kwa kelele, wanyama walikuwa na nyumba zao, wakipika na kubishiana hodi kama sisi. Mlimani, kwenye pango la ukungu, aliishi Zimwi. Kiunoni alining'iniza kibuyu. Ukipaza sauti karibu naye, anazibua kibuyu, fyuu, sauti yako imeingia ndani nawe umebaki bubu.

Usiku mmoja bibi yake Pimbi alikuwa mlangoni akimwita mjukuu wake aje kula, Zimwi akapita. Fyuu. Tangu hapo bibi akifungua mdomo halitoki neno. Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, alikuwa yatima, na ile sauti ndiyo iliyomlea. Nyumba ilikuwa kimya mpaka chakula kikamshinda. Tena Zimwi alikuwa ametangaza kwamba siku mwezi utakapoandama atazinywa sauti zote, na zikishanywewa hazirudi tena.

Simba, Nyati na Tembo wakakusanya jeshi. Pimbi akaomba kwenda nao.

"Wewe hunifikii hata goti," Nyati akamwambia. "Nenda ukamkande bibi yako miguu."

Wengine wawili walikataliwa pia. Mzee Kobe, kwa sababu angefika vita vimekwisha. Na Fisi, jitu zima lenye meno ya kuvunja mifupa, kwa sababu alilia kila alipoagana na mtu, hata kama mtu huyo anakwenda kuchota maji tu.

Jeshi likapanda mlima likinguruma, ngrrr. Zimwi akazibua kibuyu. Wakarudi wote kimya, wakizungumza kwa vidole.

"Hawa walikwenda kupiga kelele," Pimbi akawaambia wenzake wawili. "Sisi tutakwenda kumtembelea."

"Kumtembelea?" Machozi yakamlenga Fisi. "Je, asipoturudisha?"

"Atatusindikiza mwenyewe. Nasikia anajisifu kwa adabu kuliko mazimwi wote, na jua analiogopa. Mzee Kobe, wewe tembea kama kawaida yako, usijikaze hata kidogo."

"Hilo naliweza," akasema Kobe.

Wakafika pangoni alfajiri ya siku ile ile ya mwezi kuandama, ukungu ukiwa mzito.

"Hodi," Pimbi akasema taratibu, moyo ukimdunda du, du, du.

Zimwi alikuwa hajabishiwa hodi miaka arobaini. Neno likamtoka lenyewe. "Karibu." Na akishasema karibu hawezi kumgusa mgeni wala sauti yake, maana hata mazimwi wana miiko yao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akajikuta anatafuta vigoda. Akapika uji, akaulizia mvua, akaulizia mavuno. Pimbi alimwonea huruma, kusema kweli, kwa sababu uji ulikuwa mtamu na vikombe vilijaa vumbi la kukosa wageni.

Wakaaga. Fisi akaanza, kwii, kwii.

"Huyu analia nini?" Zimwi akauliza.

"Amekuzoea. Lakini usijisumbue kututoa, babu. Watu wanasema mazimwi huishia kuagana mlangoni."

Zimwi akanuna. "Nani kasema? Nitawafikisha mpaka mtoni."

Wakatoka. Mbele alitangulia Mzee Kobe, maana mwenye adabu hampiti mzee njiani. Nyuma yake Zimwi, kambebea mkoba. Kobe aliinua mguu, akaufikiria, akauweka chini. Akainua wa pili.

"Mzee, hatuwezi kukaza mwendo?" Zimwi alikuwa akitazama kilele, kimeanza kung'aa.

"Ni magoti, mwanangu." Kobe akasimama kabisa ili aeleze vizuri. La kulia lilianza kuuma mwaka wa nzige, la kushoto likaiga. Akaeleza na dawa alizotumia, moja baada ya nyingine.

"Basi mimi niishie hapa," akasema Zimwi.

Fisi akaangua kilio upya.

"Hatujafika hata nusu," Pimbi akasema. "Lakini rudi tu, babu. Hatutamwambia mtu."

Zimwi akatazama nyuma pangoni, akatazama mbele mtoni. Akaendelea kumfuata Kobe. Jua likachomoza.

Mwili wake ulikuwa ukungu mtupu, na ukungu hauna ubishi na jua. Akapungua akawa kama mbuzi, akapungua akawa kama kuku. Kibuyu kikamvuka kiunoni, pu, kikapasuka kwenye jiwe. Zikatoka ngurumo, vikohozi, nyimbo na umbea wa mwaka mzima, kila sauti ikikimbilia kwao.

Mzee Kobe akageuka. "Hapa panatosha, mwanangu. Umetusindikiza vyema. Rudi salama."

Zimwi, sasa akitosha kwenye kiganja, akainamisha kichwa kwa heshima, akajipenyeza kwenye ufa wa jiwe. Mkiona ukungu kidogo mahali kama hapo asubuhi, msalimieni.

Pimbi akashuka mlima mbio mpaka kwao. Bibi alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Na matope yote hayo unataka kuniingilia ndani?" akafoka bibi.

Pimbi, ambaye hakulia pangoni wala njiani, akamkumbatia na kulia kuliko Fisi.

Basi wanangu, kabla hujamwambia mwenzako kwamba hafai, ngoja kwanza uijue kazi yenyewe.