Sijali na Zimwi la Kisimani

Mwaka huo mvua ziligoma kabisa. Mto ukakauka, mabwawa yakageuka vumbi, na maji yakabaki mahali pamoja tu: kisima kidogo chini ya jabali. Wanyama wote wakawa wanakunywa hapo, kwa foleni na kwa ugomvi.

Asubuhi moja walipofika, walisikia sauti nzito ikitoka ndani ya pango la jabali lile.

"Mimi ni Zimwi! Maji haya ni yangu! Atakayekunywa bila kuniletea chakula, nitamla yeye!"

Wakarudi nyuma wakikanyagana. Sungura peke yake ndiye aliyesogea. Akatega sikio, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Jamani, hili si zimwi la kubishana nalo. Leteni nyama, viazi na mahindi, mnikabidhi mimi. Nitaliingizia mwenyewe. Mimi sina mke wala mtoto, hata likinila si hasara."

Wengine walitokwa na machozi kwa wema huo. Wakaleta chakula siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nyama akala Fisi, ambaye ndiye aliyejibana mle pangoni akikoroma na kutisha. Viazi na mahindi akavibeba Sungura mpaka shimoni kwake.

Siku ya nne alikuja Mama Ngiri na viazi vitatu, vya mwisho nyumbani kwake. Alifuatana na binti yake, Sijali. Wakubwa wote walikuwa wamekodolea macho mdomo wa pango kule juu, penye giza. Sijali alikuwa mfupi, macho yake yaliishia chini, penye ufa wa jabali. Ndani ya ufa huo ulionekana unyayo wa mguu anaoufahamu.

"Mama, mjomba Fisi kajificha mle."

"Nyamaza, wakubwa wanaongea."

Ni kweli walikuwa wanaongea.

"Kwa sauti hiyo, lina vichwa saba," alisema Tembo.

"Mimi ningeingia nikalitoa," alisema Simba, "ila ndiyo kwanza nimechana manyoya."

Sijali akamponyoka mama yake, akaenda mpaka penye ufa. "Mjomba Fisi! Nimekuona! Toka, zamu yako imekwisha!"

"Mimi si Fisi!" sauti ikanguruma. "Fisi yuko kwake, amelala!"

"Mmesikia?" Simba alinong'ona. "Linajua mpaka nani amelala."

Sijali akakasirika. Wao watoto wakicheza kujificha, aliyeonekana akikataa kutoka hutekenywa. Akapitisha pua yake kwenye ufa, akautekenya ule unyayo.

Kisha ikasikika, "Hi... hihi... hihihihi!"

Kicheko hicho hakuna asiyekijua. Fisi akabingirika nje akicheka na kulia, mafuta yamemjaa mdomoni, mfupa bado kaushikilia.

Sungura alikuwa ameshaanza kuondoka. Tembo akamnyanyua kwa mkonga.

"Ndugu zangu, hata mimi nimedanganywa!" alilia Sungura, na viazi viwili vikamdondoka kwapani.

Hawakumpiga. Walikwenda shimoni kwake, wakatoa chakula chote kilichobaki na kukigawana, wakaanza na nyumba ya Mama Ngiri. Kisha wakaamua kwamba mpaka mvua inyeshe, Sungura na Fisi ndio watakaomtekea maji kila mnyama, na wao watakunywa wa mwisho.

Simba akakohoa, akatoa kifua mbele. "Mimi nilijua tangu mwanzo."

"Sasa mbona ulisimama nyuma ya mama?" Sijali akauliza.

Mama Ngiri akamfinya, lakini alikuwa amechelewa. Wanyama walishaangua kicheko, na Fisi, ambaye akianza huwa hawezi kuacha, alicheka kuliko wote.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama akapunguza mwendo. "Mwanangu, hukuogopa hata kidogo?"

"Niogope nini, mama?" alisema Sijali. "Nilimwonea huruma tu. Siku nne amejificha, na hakuna hata mmoja aliyemtafuta."