Fisi Alivyopewa Ulinzi wa Dagaa

Tegeni masikio, wenye marefu na wenye mafupi. Kisa hiki ni cha mwaka ambao mvua ilisahau njia ya kuja kwetu.

Mto ulikauka ukabaki mchanga mtupu, isipokuwa kidimbwi kimoja chini ya mwamba. Humo waliishi dagaa wa mtoni, samaki wadogo kama kidole cha mtoto, kila mmoja na doa jeusi mkiani. Zamani walijaa mto mzima. Sasa ulikuwa umebaki ukoo mmoja tu, na mama wa ukoo huo aliitwa Kiraka. Chakula chao kilikuwa ukungu wa kijani na viluwiluwi vya mbu, na ndiyo maana maji yale yalikuwa safi. Simba mwenyewe alikunywa hapo, akijitazama uso kwa muda mrefu kuliko alivyokunywa.

Aliishi humo pia Ningu, samaki mnene, jamaa yao. Wakati wa mvua Ningu hakuwajua kabisa. "Mimi na vile vidogo? Labda tumefanana magamba tu!" Lakini kiangazi kilipokaza, na kivuli cha pekee kikawa upande wa dagaa, udugu ulimrudia ghafla.

Siku zile mizoga ilikuwa imekwisha porini. Na Fisi akishikwa na njaa sana, huanza kuwa na huruma. Alikwenda kwa Simba akilia machozi.

"Ewe Mfalme, nimeshindwa kulala. Wale dagaa wanakwisha! Watoto wetu watakuja kuuliza, dagaa walikuwaje? Tutawajibu nini?"

"Kwani mimi nifanye nini?" Simba aliuliza.

"Weka mlinzi. Kila mnyama atasema: tazameni mfalme wetu, mkubwa hivyo, na bado anawakumbuka wadogo."

Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Nilikuwa nalifikiria jambo hilo. Basi mlinzi uwe wewe."

"Mimi? Sistahili," alisema Fisi, huku tayari akielekea kidimbwini.

Alipofika, dagaa walijificha chini ya majani. Fisi akamwita Ningu pembeni. "Mzee mwenzangu, waite nduguzo watoke niwaone afya zao. Nami nitakuchimbia mfereji uhamie dimbwi kubwa la chini."

Ningu hakuuliza dimbwi gani. Aliogelea mpaka kwenye majani, akaita kwa sauti tamu, "Wanangu! Tokeni, mlinzi amefika! Nyie ni damu yangu, ningewaita penye hatari?"

"Mjomba," alisema Kiraka, "mbona mlinzi mwenyewe anadondokwa na mate?"

"Ni machozi hayo. Ana uchungu na nyinyi."

Waliomwamini walitoka. Fisi akainama kuwaona afya zao, na walioonwa hawakurudi. Kiraka aliwakusanya watoto waliokuwa karibu naye, akapenya nao kwenye ufa mwembamba wa mwamba, palipokuwa pakidondoka maji tone kwa tone.

Majani yalipobaki matupu, Fisi alimgeukia Ningu.

"Ndugu yangu!" Ningu alipiga kelele. "Na yale mapatano yetu?"

"Ninayo kichwani," alijibu Fisi, "ila tumbo halijayasikia." Akamla kuanzia kichwa.

Haikuchukua muda, maji yakabadilika. Ule ukungu wa kijani ulitanda juu kama blanketi chafu, na mbu wakapanda kwa makundi. Simba aling'atwa pua ikavimba, akawa hawezi kunguruma bila kupiga chafya. Alimwita mlinzi wake.

"Maji yananuka. Dagaa wangu wako wapi?"

"Wamenenepa, Mfalme. Wananenepa mno, ndiyo maana wanachafua maji."

Simba aliamini. Kukataa kungekuwa kukiri kwamba alichagua vibaya, na Simba hajawahi kuchagua vibaya.

Sungura naye alikuja na kiu yake. Alipoinamia maji akasikia sauti ndogo kutoka ufani. Kiraka alimweleza yote.

"Mbona hukumshitakia Mfalme?" aliuliza Sungura.

"Nitamfikiaje? Nikitoka majini nakufa. Na anayepeleka habari zangu kwake ni huyohuyo mlinzi."

Sungura alikuna sikio, kisha akaenda kwa Simba. Hakumtaja Fisi kwa ubaya hata kidogo. "Mfalme, wema wako kwa dagaa umevuma. Wanyama wanataka kuja kuwaona, na kukuimbia."

"Kuniimbia?" Simba aliinua pua yake iliyovimba. "Waje kesho asubuhi!"

Fisi alipopata habari, alikimbilia kidimbwini kutafuta hata dagaa mmoja wa kuonyesha. Sungura akamnong'oneza, "Usijali, bwana. Katika lile shimo chini ya mwamba wamebaki wachache, wana mayai tele. Watoe uwaonyeshe wageni."

Shimo hilo halikuwa ule ufa wa Kiraka. Lilikuwa la Kaa, mzee mkali asiyependa kugongewa mlango.

Asubuhi Fisi aliwahi kabla ya wageni. Alijiambia, "Nitabakiza mmoja wa kuonyesha." Lakini neno mayai lilikuwa limemlevya. Akaingiza kichwa kizima, mdomo wazi, ulimi mbele. Kaa akaukamata.

Wageni walifika wakakuta makalio ya mlinzi yakicheza hewani. Simba akamvuta nje kwa mkia. Kaa alitoka naye, akiwa ameng'ang'ania ulimi.

"Ulikuwa ukifanya nini?" Simba aliuliza.

"Naa... nawahesabu!"

"Kwa ulimi?" alisema Sungura, na wanyama wote wakaangua kicheko.

Kaa akabana zaidi. "Sema kweli, nikuachie."

"Nimewala!" Fisi alilia. "Nimewala wote, na Ningu pia! Niachie!"

Kicheko kikakatika. Simba alikohoa. "Mimi nilijua tangu mwanzo," alisema, na hakuna aliyethubutu kumtazama. Kisha akamrarua Fisi mgongo, wanyama wakamfukuza kwa mateke na pembe mpaka jangwani, kusikokuwa na maji wala mzoga.

Kiraka alitoka ufani na watoto wake, wachache, wembamba, wakaanza kula viluwiluwi. Simba akawainamia. "Msiogope tena. Leo hii nitawachagulia mlinzi mwingine."

Chui akajitokeza mbele. Kenge akajitokeza. Korongo akanyoosha shingo yake ndefu kabisa.

"Mfalme," alisema Kiraka, "adui wa nje tunamjua, tunamkimbia. Tafadhali, usituwekee mlinzi."

Kikulacho ki nguoni mwako.